Masika Arobaini na Mmoja

Kwetu jina humtangulia mtoto njiani.
Wa kwanza akiwa wa kike ni Masika,
wa pili Biira, wa tatu Kabugho,
nami niliyekuja wa nne nikakuta jina
limeshanitandikia mkeka: Mbambu.
Ndiyo maana daftari letu la kufuatilia wagonjwa,
tangu Kilembe hadi Bwera,
lilikuwa kama kinywa chenye kigugumizi:
Masika, Masika, Masika,
kisha nambari, kisha doa la chai,
kisha nambari iliyokatwa kwa wino mwekundu
na juu yake mwandiko wa mtu aliyeacha kazi.

Mwezi wa nane akaja Ssenkubuge kutoka Kampala,
kompyuta ndani ya begi lililolowa mvua.
Mtu mpole, karibu akiombe kiti radhi kabla ya kukikalia.
Akatuonyesha: hapa jina, hapa simu, hapa kijiji,
na hapa kitufe. Mashine ikauliza:
*Majina yanayojirudia, mia mbili na kumi na mawili. Niunganishe?*
Nilibonyeza mimi. Sitamsingizia mgeni.
Nilibonyeza Ndiyo, nikafurahi kama aliyemaliza kufagia uwanja.
Masika arobaini na mmoja
wakawa Masika sita.

Wiki haikuisha.
Masika wa Kyondo, mjane wa miaka sabini na miwili,
akapata ujumbe: hongera mama, mimba yako ina miezi saba,
usisahau kulala ndani ya chandarua.
Alikuja ofisini kwa miguu, akicheka njia nzima,
akaushika mkono wangu, akauweka tumboni pake, akauliza
baba ni nani, serikali au ile mashine?
Tulicheka naye mpaka machozi.

Ila yupo Masika wa bondeni,
ambaye mto Nyamwamba umemhamisha mara mbili.
Alikuwa akimeza vidonge vya kifua kikuu, mwezi wa nne.
Kumbusho lake lilikwenda kwa mtu, sijui yupi kati ya wale sita.
Siku kumi na tisa bila dawa.
Hakufa, msiniangalie hivyo.
Alianza upya, kidonge cha kwanza,
na aliponiona alisema tu:
"Nilidhani mmemaliza na mimi."

Maneno hayo ninayo, kokoto ndani ya kiatu.

Sasa tunatembea, mimi na Thembo na pikipiki yake inayokohoa.
Simu hii ni ya nani? Ya shemeji.
Huwa nayo saa ngapi? Jioni, akitoka kuchuma kahawa.
Inachajiwa wapi? Kwa kinyozi, siku ya soko.
Nambari ya marehemu Baluku bado inaita, mkewe hupokea.
Nilimwuliza kama niifute. Akasema,
andika jina langu, lakini mkipiga
anzeni kwa kumwulizia yeye.
Na mmoja, jina lake silitaji hata humu,
alinivuta nyuma ya jiko akanong'ona:
ukipiga, sema unatoka chama cha akiba.
Neno kliniki lisivuke kizingiti changu.

Nikampigia Ssenkubuge. Akanyamaza.
Akasema mashine haina mahali pa kuweka neno kama hilo.
Siku ya tatu akaturudishia mashine ikiwa na mahali,
kisanduku kirefu, akakiita Maelezo.
Sisi tunakiita Mlango.
Kile kitufe alikiondoa bila kuulizwa.

Jana jioni, umeme ukiyumba,
nimemjaza wa arobaini na moja.
Jina: Masika.
Simu: hana.
Mlango: fuata mfereji kwenda juu mpaka migomba ikome,
simama penye jiwe la kuanikia kahawa, ita.
Wataitika watatu.
Subiri wa nne.