Robo ya Maji

Aliniachia funguo mbili na daftari la mistari ya mraba,
Bwana Bohumír Vrzal wa ghorofa ya sita, mlango wa kushoto,
siku walipomshusha kwa lifti, ndara miguuni, mkoba kifuani.
"Svatava," akasema, "robo. Jumamosi. Usizidi—"
Mlango wa lifti ukamkata.

Lita mia na ishirini kwenye pembe ya sebule.
Nje, Brno na theluji yake iliyochanganyika na masizi;
ndani, nyuzi ishirini na tano, neoni kumi na tisa,
kambare watano wa kidole kimoja wakifagia changarawe,
na konokono asiye na haraka wala jina.

Mimi ni dereva wa tramu. Nililisoma daftari kama ratiba:
*Tarehe 4, lita thelathini.
Tarehe 11, thelathini.
Tarehe 18, thelathini, pua imetoka damu.
Tarehe 25, ishirini tu. Mkono.*
Miaka tisa ya thelathini, kwa penseli.

Jumamosi ya kwanza nilitii.
Ya pili nilishika zamu mbili.
Ya tatu nililala.
Ya nne nikawasha taa: kioo kimevaa ukungu wa kijani,
maji rangi ya chai iliyosahauliwa.

Aibu haijui robo.
Nikatia mpira, nikavuta kwa mdomo,
nikaonja miaka ya mtu mwingine.
Ndoo moja, ndoo tano, ndoo kumi na moja,
mpaka samaki wakabaki kwenye kidimbwi cha kina cha kidole
wakinitazama kwa jicho moja moja.
Nikasugua changarawe kama ukoko wa sufuria.
Nikakamua sifongo la chujio chini ya bomba
mpaka likawa jeupe kama la dukani.
Nikajaza maji mapya, baridi, yanayonuka klorini,
nikarudi nyuma hatua mbili: kioo kama hakipo!
Nikajipikia chai.

Asubuhi neoni saba walikuwa juu, ubavu ubavu,
mstari wao wa buluu umezimwa.
Maji yakimwagika hayazoleki,
na haya niliyamwaga mwenyewe, kwa usafi.

Jumanne nilikwenda hospitali na uongo niliouandaa njiani,
vituo tisa vya uongo.
Alikuwa kando ya mashine, mirija miwili mkononi,
mmoja ukitoa, mmoja ukirudisha.
"Wangapi?" akauliza kabla sijavuta kiti.
"Saba."
Mashine ikaendelea kusaga.

"Ule uchafu," akasema baadaye, "nusu yake ni wapishi.
Hawaonekani. Wanakaa kwenye sifongo, chini ya mawe,
wanakula sumu ya samaki ili samaki wale chakula.
Umewafukuza wote usiku mmoja."
Akaielekeza mashine kwa kidevu.
"Mimi hubadilishwa mara tatu kwa wiki, saa nne nne.
Siku moja waliharakisha kidogo tu,
nikaziona kuta zinapinduka."
Muuguzi akaja kusoma namba. Sote tukamwangalia yeye.

Wiki mbili nilibadili lita kumi na tano kila siku ya pili,
nikiwalisha punje chache, kama mtu anayeomba radhi kwa kijiko.
Sasa ndoo tatu hujazwa Ijumaa usiku,
hulala jikoni bila kifuniko mpaka harufu iondoke.
Jumamosi naongeza maji ya birika, napima kwa kifundo cha mkono
kama maziwa ya mtoto,
namimina polepole juu ya kisahani ili changarawe isiruke.
Sifongo naliosha ndani ya maji yao ya zamani, nusu tu.
Nusu nyingine naiachia wapishi.

*Tarehe 15, thelathini. Neoni kumi na wawili.
Tarehe 22, thelathini. Konokono ametaga kwenye kioo, sikufuta.
Tarehe 1, thelathini. Amerudi. Amekaa kwenye kiti
akashika ncha ya mpira juu ya ndoo, hakusema kitu.
Kwenye ya tatu akasema: basi.*