Betri Chovu

Kijana wa chuo amekuja na daftari,
anauliza mtindo wa bendi yetu ulibadilikaje.
Ameshaandika "vipindi vitatu", akapiga mstari chini.
Namimina chai. Naweka kanda ya kwanza.

Sikia hiyo. Ghala la viazi, Uyole, sabini na nane,
mwezi wa sita, baridi ya kung'ata masikio.
Gitaa la Lutengano lilikuja kwa treni kutoka Zambia
limeviringishwa blanketi kama mgonjwa.
Amplifaya tuliiunda kwa redio ya marehemu baba yake,
na huo mngurumo unaousifia
ni karatasi ya spika iliyochanika.
Tuliibandika kwa ugali. Ugali ulidumu wimbo mmoja.

Kazi yangu ilikuwa kubonyeza kitufe.
Betri sita, chovu, nilizianika juani tangu asubuhi,
kinasa kikajikokota
kama mtu apandaye Loleza na gunia mgongoni.
Ndiyo maana ukiicheza kwa betri mpya
sauti inakimbia, inapanda,
na Anyelwisye, mwenye kifua cha fahali,
anaimba kama binti wa kipaimara.
Tukuyu waliipenda. Walituita.
Tuliposhuka kwenye lori wakahesabu vichwa, wakauliza:
dada yenu yuko wapi?

Tukaenda kumtafuta dada.

Hivyo ndivyo Tusekile alivyoingia,
kutoka kwaya ya Wamoraviani,
na ile sauti ya pili isiyoifuata ya kwanza
bali inatangulia na kuisubiri mlangoni.

Kanda ya pili, mwangwi.
Mtu wa redio alisema tumepanuka, tumepata anga.
Tulikuwa tumepata kuta.
Bei ilipanda, viazi vikauzwa vyote,
na kumbe magunia ndiyo yaliyokuwa yakinywa sauti.

Kijana anacheka, anafuta, anaandika.
Ngoja. Upande wa pili, wimbo wa nne, ubeti wa tatu:
mvua inaingia.
Nilinyoosha kidole nizime, Nsajigwa akatikisa kichwa,
akahamisha fimbo hadi ukingoni mwa ngoma,
akalifuata bati,
polepole, halafu kwa kasi ya bati lenyewe,
hadi usijue lipi ni pigo na lipi ni tone.
Hilo usilifute.
Hilo si bati. Hilo ni Nsajigwa.

Kanda ya tatu anaisikiliza kalamu ikiwa juu.
"Hapa mmekomaa," anasema. "Mmejifunza kunyamaza."

Wimbo haununui sare za shule.
Lutengano alikwenda Mafinga kupasua mbao,
miaka miwili, na msumeno ukabaki
na vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto.
Alirudi na mkono mfukoni.
Hakuna aliyeuliza. Tusekile alimpokonya chai ya moto,
akampa ya vuguvugu, basi.
Akakaa juu ya gunia, akatafuta pa kupita.
Noti za mbali akamwachia Tusekile azishike kwa koo,
za karibu akazipiga moja moja,
kama mtu anayelipa deni kwa sarafu.
Unausikia ukimya huo kabla ya kiitikio?
Hapo palikuwa na kidole.

Kijana ameweka kalamu chini.
"Kwa hiyo," anasema, taratibu, kama anayeogopa kunivunjia kitu,
"hamkuchagua chochote?"

Chai yake imepoa, imefanya utando.

Siku ile nje ya ghala alikaa mpiga gitaa wa Iringa,
vidole kumi, viatu vya kung'aa,
nauli yake tumeshamlipa.
Betri zilikuwa mpya, kwa mara ya kwanza, za dukani.
Tulimsikiliza Lutengano hadi mwisho, akakosea mara mbili,
kisha Anyelwisye akatoka
akampa yule bwana debe la viazi
na kumsindikiza kituoni.

Sikumwambia kijana hayo.
Nimeigeuza kanda tu, nikaiacha ifike mwisho,
pale kwenye mkwaruzo, ambapo sauti yangu ya zamani
inauliza, "Nizime?"
na mwanamke, mbali na maikrofoni,
mdomo umejaa kiazi cha kuchoma,
anajibu, "Izunguke kwanza."