Taarifa ya Saa Tatu Asubuhi

Zamani nilikuandikia, Baba, sikusema nawe.
Nilipiga magoti nyumbani Igogo, juu ya mkeka,
nikaanza kama karani wa halmashauri:
Ee Mwenyezi, Mfalme wa wafalme, Alfa na Omega,
husika na kichwa cha habari hapo juu.
Kisha ombi, kisha sababu za ombi,
kisha amina, kama mhuri wa bluu,
na barua ikaingia kwenye trei.
Wazee wa kanisa walinipenda.
Msibani, harusini, walisema: mpeni Lusangija,
huyo ana maneno.

Maneno yaliniisha mwezi wa tatu,
ghorofa ya nne, Bugando,
daktari kijana akituchorea figo mbili nyuma ya karatasi ya dawa,
kisha akizipiga mstari, moja baada ya nyingine.
Kwandu alitazama mchoro, akasema: Kumbe ni kama maharage.
Mimi nilifumba macho nikutafute kwa cheo chako
na sikukumbuka cheo hata kimoja.

Kazi yangu unaijua. Miaka kumi na tisa
nashuka gatini Mwanza Kusini, nasoma rula ya chuma
iliyopigiliwa ukutani, naandika daftarini
ziwa limefika wapi.
Siku ya mawimbi rula haisomeki:
unasoma maji yakipanda, unasoma yakishuka,
unaapa ukweli uko katikati.
Ndiyo maana wakaweka bomba, limesimama wima majini,
lina tundu dogo tu chini, kama limetobolewa kwa sindano ya gunia.
Nje ziwa linapigana na mawe,
ndani ya bomba maji yametulia kabisa,
na ni maji yaleyale.

Asubuhi ile, baada ya Bugando,
niliinama juu ya bomba na tochi
nikasikia mdomo wangu unasema:
Limepanda sentimita mbili. Naogopa.
Basi. Hakuna Ee, hakuna amina.
Mnandi juu ya nguzo alikuwa anakausha mabawa, hakunitazama.
Nikaongeza: Pesa ya kusafisha damu imebaki ya wiki mbili.
Nikaongeza: Nimekukasirikia, tangu lini sijui,
labda tangu Nkwabi, yule mtoto tuliyemzika
jina lake likiwa bado jipya mdomoni.
Hilo sikuwahi kukuandikia. Lisingefaa kwenye barua.

Sikusikia sauti. Nisikudanganye, hukusema kitu.
Ila nilipomaliza sikuondoka,
na wewe hukuondoka,
tukakaa hivyo mpaka kivuko cha Kamanga kikapiga honi
na kalamu yangu ilikwisha kuanguka majini.

Siku hizi nakuja mapema, kabla ya makuli.
Nakusimulia. Bei ya sato. Mchungaji Kasubi hanipi tena maombi,
kwa sababu Jumapili ile niliposimamishwa
nilisema: Baba, tumechoka, unatuona?
nikaketi.
Bibi mmoja wa benchi la nyuma akaguna: Ndiyo hivyo.
Kuna siku tunagombana. Kuna siku nakuuliza
magugu maji haya uliyaumba ya nini, hunijibu,
nacheka peke yangu kama mwehu.
Kuna siku sisemi. Naangalia tu ndani ya bomba.

Leo alfajiri, nafunga kamba za viatu,
Kwandu aligeuka kitandani, mkono wake wa sindano juu ya shuka:
Unakwenda kwake?
Nakwenda kazini.
Si hukohuko. Mwambie namsalimia.
Na mwambie maji ya kunywa wamenipimia,
kikombe kimoja na nusu kwa siku,
na mimi nalala hapa nasikia ziwa zima usiku kucha.

Haya, Baba. Saa tatu kasoro.
Limeshuka nusu sentimita.
Kwandu anakusalimia.
Hayo ya kikombe umeyasikia.