Mwandiko Mmoja

Jalada lilifika mezani kwangu Jumanne,
limebanwa kwa pini iliyoanza kushika kutu.
Tamko la kirafiki, ndivyo fomu inavyoitwa huku Ureno:
watu wawili waliogongana
huketi wakaijaza pamoja,
gari A kushoto, gari B kulia,
katikati visanduku vya kutia alama,
chini, pahali pa kuchora.

Nimezisoma elfu kadhaa.
Najua wino wa mwenye hasira, unavyotoboa karatasi.
Najua mshale uliochorwa na mwongo:
huwa umenyooka mno.

Hii ilikuwa na mwandiko mmoja pande zote mbili,
herufi r ileile yenye mkia,
saba ileile iliyokatwa kiunoni.
Msimamizi wangu alishaibandika utepe mwekundu.
"Hawa wamepanga," alisema,
akaendelea kumenya chungwa lake.

Nikapanda hadi Guarda. Ukungu mzito,
hata nikawa naendesha kwa masikio.
Pale kwenye kipilefti cha mnada wa ng'ombe
nikashuka na futi yangu.
Vipande vya taa bado vilikuwa majanini,
na maganda ya mayai.
Fomu haikutaja mayai.

Bi. Graciete ni mpishi wa shule.
Alinipokea kavaa aproni, unga hadi viwikoni.
"Miwani ya mzee ilivunjika. Ningefanyaje?
Nikamwandikia na yake."
Waliketi ndani ya gari la mzee, hita inanguruma,
yeye akiuliza: jina, leseni, ulikuwa unatoka wapi,
mzee akijibu kama yuko mbele ya karani wa sensa.
Walipofika kwenye mchoro mzee akasema,
"Chora ulivyoona, mama. Mimi niliona ukungu tu."
Akatia sahihi pale alipowekewa kidole.

Nikaufunua mchoro ule tena.
Mshale wa A, wake yeye, unaingia bila kusimama.
Alama kwenye kisanduku: hakutoa njia.
Angeweza kuupinda kwa upana wa ukucha
na nani angejua?
Nikamuuliza hivyo hivyo. Swali hilo halimo kwenye mwongozo.

"Nilifikiria," alisema.
"Nilipofika kwenye ncha ya mshale nilifikiria sana.
Nina mkopo wa gari, umebakiza miaka miwili.
Basi mzee akaniuliza
kama kuna yai hata moja lililopona."

Mzee Adelino anakaa juu ya duka la vifungo.
Hutengeneza akordioni, au alikuwa akitengeneza;
miwani mipya inasubiri fidia,
fidia inanisubiri mimi.
Gari lake lina miaka ishirini na miwili.
Jedwali linasema: thamani, yuro mia saba na kumi.
Gereji inasema: matengenezo, elfu moja na mia tatu.
Kwa lugha ya ofisini, gari hilo limekufa.
"Mbona linawaka?" aliuliza.
Akashuka nami ngazi, akapapasa hadi mlangoni,
akaliwasha ili nisikie.
Likawaka.

Ripoti nimeiandika mara tatu.
Nilifuta "njama", nikaweka "ushirikiano",
nikafuta na hilo,
kwa kuwa kwenye kompyuta zetu
maneno hayo mawili yana namba moja.
Mwishowe: Miwani ya B ilivunjika.
A aliandika. A alijishtaki mwenyewe.
Utepe mwekundu nimeubandua;
umeacha gundi juu ya jina la mama.

Kuhusu zile mia saba na kumi sikuwa na la kufanya.
Nimeongeza mstari wa miwani, fremu na lenzi,
yuro mia na tisini,
na mwingine ambao najua watanirudishia
pamoja na maswali:
mayai, trei sita,
kasoro moja.