Pungufu ya Dumu Moja

Mimi mizani yangu ni dumu.
Punda wangu hubeba manne,
mawili ubavu huu, mawili ule,
kutoka kisima cha Ipuli hadi migahawa ya stesheni,
na sijawahi kumwuliza mgongo.
Jina lake Deni, maana nilimnunua kwa mkopo.

Tabora hii nimekuzwa na methali moja tu juu yake:
shukrani ya punda ni mateke.
Basi nikatanguliza fimbo,
nikamlipa kabla hajanikopesha.

Bi Nyamizi wa mazoezi ya viungo
hakuja kununua maji.
“Nikodishie punda. Kila Alhamisi, saa moja.”
Abebe nini?
“Watoto.”
Nikacheka. Yeye hakucheka.
“Na fimbo ibaki kwako.”

Tandiko alilishona kwa gunia la tumbaku,
ndani sufi, juu kitenge kilichopauka,
nalo lilinuka bado msimu wa mauzo.

Wa kwanza aliitwa Kashindye.
Bibi yake alisema ni jina la waliokuja duniani
kwa kutanguliza miguu,
na miguu ndiyo iliyomgomea.
Miaka saba, mapaja yamekazana
mkasi ulioshika kutu,
ngumi zimefumbwa
kana kwamba mna nauli humo, anaogopa itapotea.

Nilipomwinua, mikono yangu ilijua papo hapo:
pungufu ya dumu.
Dumu lililovuja njiani.

Tukaenda. Mimi kwenye kamba, mama kulia,
Bi Nyamizi kushoto akimshika nyonga, akisema nami:
“Kiuno cha punda kinapotembea
huyumba kama chako, mbele, nyuma, kando.
Huyu hajawahi kutembea.
Mgongo huo unakisimulia kiuno chake
jambo ambalo mimi, miaka miwili, nimeshindwa kulieleza.”

Nikakitazama kiuno cha Deni.
Miaka sita niko nyuma yake
na sikujua kwamba kinasimulia.

Alhamisi ya tano ngumi moja ilifunguka.
Haikuwa na nauli.
Kiganja kikaangukia begani mwa punda, juu ya kovu,
kovu nililolitia mimi mwaka ule visima vilipokauka.
Akalipapasa, akalirudia.
Mimi nikageuka kutazama reli,
ingawa hapakuwa na treni.

Sikwambii amepona.
Mkasi ungali mkasi.
Mama yake angali anambeba mgongoni hadi kituoni
na mwenye nyumba angali anamdai.
Nami napokea elfu tano yangu
na ninaihesabu.

Ila jana.
Jana tulikuwa katikati ya uwanja,
mchanga umeshapata moto,
mara juu ya punda kukatoka sauti:
“Shaa.”

Neno langu lile. La kusimamisha.
Sijui alilidokoa lini kinywani mwangu.
Deni akasimama kwato nne.
Mama mtu akasahau kupumua.

Nikavuta kamba. Punda hakuondoka.
Nikamwita kwa maneno yote anayoyajua,
mkono wangu wa kulia ukatafuta fimbo
isiyokuwepo.
Bi Nyamizi akasema, polepole,
“Mwache. Aliyemsimamisha ndiye atakayemwondoa.”

Tukasimama juani, watu wazima watatu.
Simu ikatetemeka mfukoni mwangu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu:
mama lishe wa stesheni, wali haujainjikwa, maji yako wapi?
Na Kashindye yuko kule juu
analitafuta neno la kwenda,
ulimi unapinda, unarudi, unapinda,
mate yanashuka kidevuni,
na masikio ya punda, yote mawili,
yamegeukia nyuma
yanamsikiliza.