Ukijani

Miaka kumi na tisa nililinda maji yasiishi.
Ndiyo iliyokuwa kazi yangu, kule Kasuarina, hotelini:
kila alfajiri Sinyora alitupa shilingi ishirini
upande wa kina, akashika kiuno,
akangoja niseme ni kichwa au ni ngao.
Nikikosea, klorini tena,
mpaka macho yangu yakawa ya mlevi wa mnazi
na mimi sinywi.

Kijani kilikuwa adui. Kikichipuka ukutani,
kidogo tu, kama ndevu za mvulana,
nilipiga magoti nikakinyoa kwa brashi.

Hoteli ikafungwa. Nikapewa barua, na ule wavu
wa kuopolea majani, eti kumbukumbu.

Nikarudi Ganda na wavu begani.
Nyevu akautazama, akanitazama:
"Utavua nini nao, mchanga?"
Swali hilo nililala nalo wiki nzima.

Nikapima kwa kamba ya katani na vigingi vinne,
hatua sita kwa nne, mbali na choo,
karibu na migomba, ili maji yakichoka yapate pa kwenda.
Usiku Nyevu akavihamisha. Asubuhi bwawa
lilikuwa limesogea, limeupisha mpilipili wake.
Sikusema kitu. Nikapima upya.
Usiku wa pili likasogea tena.
Usiku wa tatu nikatoka na tochi, nikamkuta
amechuchumaa, kigingi mkononi.
"Hapa," akasema, "ndipo mvua hukaa siku tatu
baada ya kwenda zake. Wewe ulikuwa mjini, utajuaje?"

Tukachimba pale alipochuchumaa.

Futi moja: mchanga mwekundu, laini, unalidanganya jembe.
Futi mbili: mchanga, na ndara moja ya Thoya,
ile tuliyomchapa kwa kuipoteza, darasa la kwanza.
Nikamtumia picha, yuko Mtwapa, ana watoto wawili.
Akajibu: "Niliwaambia ni mbwa."

Jirani akapita njiani, akaliona shimo, akavua kofia.
"Poleni jamani. Ni nani?"
"Perege," nikasema, kichwa ndani.
"Oo. Wa upande wa mama?"

Futi tatu: jembe likanata.
Udongo wa kijivu, mzito, baridi.
Nikaufinyanga tonge, nikalirusha juu
kama alivyotuonyesha bwana samaki.
Likirudi vipande, alisema, fukieni mkalale.
Likarudi kiganjani zima, lina alama za vidole vyangu.

Siku mbili tuliukanyaga, mimi na Nyevu,
tumeshikana mabega tusiteleze.
Hatukuwa tumeshikana hivyo tangu harusi ya dadake.

Mvua ikajaza nusu. Nusu tukanunua kwa mkokoteni,
mtungi shilingi ishirini,
ile ile ya Sinyora.

Kisha gunia la samadi ya mbuzi.
Nililibeba hadi ukingoni, mkono ukagoma.
Maji yalikuwa yametulia, meupe, yanaonyesha chini,
nami ndiye wa kuyachafua.
"Mbona umesimama?" "Napumzika."
Nyevu akalisukuma kwa mguu.

Siku ya nne, chai ya jana.
Siku ya sita vyura wakafika, hawakualikwa,
na mdiria akakaa juu ya kamba ya nguo
kama mteja aliyewahi duka kabla halijafunguliwa.

Vifaranga sitini wanakuja kesho kutwa kwa bodaboda,
ndani ya mfuko uliotiwa hewa.
Wavu nimeutundika msumarini.

Leo, siku ya tisa, nimepiga magoti, mazoea ya zamani,
nikazamisha mkono hadi kiwiko.
Nyevu kasimama nyuma yangu, kashika kiuno.
"Waviona vidole?"
"Sivioni."
"Na pete?"
"Hata pete."

Sikuutoa mkono upesi.