Bonde la Kinoo

Jumapili, Liège. Soko limejipanga ukingoni mwa Meuse:
jibini, kuku hai, soksi za jozi sita sita,
na mwisho kabisa, baada ya muuza vitasa,
meza ya Bi Hermeline Gathoye, mjane.

Wenye maradhi haya tunajuana.
Mkono unafika chini ya meza kabla jicho halijafika juu.
Tunapita vyombo vya fedha kama hatukuviona,
tunapiga magoti, tunapekua makasha,
tunatafuta jiwe.

Nililipata limelaliwa na pasi mbovu,
limevaa weusi wa mafuta na miaka;
ungesema kipande cha sabuni kilichosahauliwa bombani.
Nikaupa mto uso, nikalamba kidole gumba,
nikasugua pembeni.

Manjano.
Manjano ya siagi ya ng'ombe aliyekula majani mabichi,
na chini yake, bila gundi ya mtu,
bamba la buluu lililoshikana nalo
tangu milima haijaitwa milima.

Moyo ukapiga kwata. Uso nikauambia: tulia.

Babu yangu Servais aliyafuata mawe haya Ardennes, shimoni, kwa mshumaa.
Alipanda na mabamba mgongoni
na vumbi kifuani. Mabamba aliyatua.

"Hicho ni nini?" akauliza Bi Hermeline.
Mimi mjuzi, mjukuu wa mchimbaji, nikajibu:
"Jiwe tu. La kuzuia mlango."
"Yuro tano."
"Tatu," nikasema.
Ndiyo. Nilipunguza na bei.

Husemwa chema chajiuza.
Siku ile chema kilinyamaza,
nami nikakinunua kwa bei ya kimya chake.

Nyumbani nikatandika msasa juu ya kioo,
nikachora miraba ya penseli kwenye uso wa jiwe.
Katikati palikuwa na bonde,
kina chake ukucha,
lililochimbwa na mkono mmoja wa kinyozi mmoja,
kwenda na kurudi, kwenda na kurudi,
ndevu za mtaa mzima.
Lakini wembe hautaki bonde. Wembe unataka uwanda.
Nikasugua. Tope likatoka zito kama maziwa ya kwanza.
Saa mbili nzima.
Mistari ya kingo ilifutika mapema;
ile ya bondeni ilikuwa ya mwisho kuondoka.

Kisha wembe wa kukunja, butu tangu Krismasi,
ukalala juu ya jiwe, ukanong'ona, ukageuka, ukanong'ona.
Nikaushusha unywele mmoja juu ya makali:
ukawa miwili, sikusikia kitu.
Shavu likatoka laini
kama uongo uliosemwa vizuri.

Wiki mbili nilinyoa hivyo
nikikwepa macho yangu kwenye kioo,
jambo la hatari kwa mwenye chuma kooni.

Jumapili ya tatu nikarudi
na yuro mia na hamsini ndani ya bahasha.
Bi Hermeline akalamba kidole gumba,
akahesabu noti moja moja.

"Miaka thelathini na minane," akasema,
"kila Jumamosi mimi ndiye niliyelisafisha jiwe la Norbert.
Unadhani siijui rangi yake?
Nilikuona ukilamba kidole.
Nikasema, ngoja nimwone mtu mwenyewe."

"Na umemwonaje?"

Hilo hakulijibu.
"Lile bonde," akasema, "bado lipo?"

Tishari la kokoto lilikuwa likipita, polepole, limezama nusu.
Nikamwambia ukweli, wa kwanza baina yetu:
nimelisawazisha.

Alilitazama tishari mpaka likaingia chini ya daraja.
Akaikunja bahasha, akaitia mfukoni mwa aproni.
"Basi," akasema. "Sasa ni lako."

Nikanunua na ile pasi mbovu.
Bei aliyotaja ndiyo niliyolipa.